Jinsi Nilivyoitikisa Ngome ya Yarrabool

Jumatatu, 4 Oktoba

Shule imefunguliwa. Bwawa la kuogelea bado limefungwa. Mnyororo ule ule langoni, kufuli lile lile, na ndani maji ya mvua yenye ukoga ambamo bata wamehamia bila kulipa kiingilio.

Siumii kwa ajili yangu. Uongo. Naumia. Chini ya maji ndiko mahali pekee katika mji wa Mundarra ambako hakuna anayeniuliza kitu. Lakini anayeteseka zaidi ni Bibi. Kila kiangazi alikuwa akitembea majini asubuhi na wanawake wenzake, maji kiunoni, wakisengenya kwa Kialbania na Kiingereza kwa zamu, na magoti yake yalimshukuru mwaka mzima. Tangu pampu ya bwawa iharibike, Bibi anatoka kiti cha jikoni kwenda kiti cha barazani, na safari hiyo humtosha. Juzi amenunua kofia mpya ya kuogelea, rangi ya waridi. Bwawa lenyewe halipo, kofia ya nini? Nikajua akili inaanza kumwacha. Nilikwenda kulia bafuni.

Leo Mwalimu Gilchrist alitufundisha historia ya uchaguzi ya jimbo letu la Yarrabool. Haikuchukua muda. Enzi za kondoo, chama cha wakulima. Enzi za peasi, chama cha wakulima. Babu zetu walipotoka Albania kuja kung'oa visiki na kupanda miti, nao wakaingia humo humo, kwa sababu mbunge wa wakati huo alimsaidia mmoja wao kumleta kaka yake. Wabunge wetu wote wameondoka kwa njia mbili tu, kustaafu au jeneza. Mmoja alishinda akiwa melini, na alipofika bandarini akauliza kama uchaguzi umeshaitishwa.

Mwalimu akauliza, kwa nini jimbo jirani la Denholm wana maktaba mpya, daraja jipya, na bwawa lenye bomba la kuteleza hadi majini? Nilijua jibu. Niliinua mkono hadi sikioni, halafu nikajifanya najikuna. Binamu yangu Jetmir, ambaye hajawahi kujua jibu la kitu chochote, alisema ni kwa sababu watu wa Denholm wanapenda sana kuogelea. Mwalimu akamsifu kwa kujaribu.

Jibu ni hili. Denholm linayumba. Kila uchaguzi mshindi hupita kwa kura za kujaza basi moja, kwa hiyo wanasiasa wanalibembeleza kama mchumba. Sisi ni ngome. Sisi ni mke wa ndoa ya miaka arobaini. Nani atamletea maua?

Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nina miaka kumi na sita, sina kura. Lakini nina baiskeli na kigari cha kubebea peasi. Ngome haiombwi. Ngome hutikiswa.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimeingia katika siasa.

Mgombea wa chama cha wafanyakazi hapa kwetu ni Bwana Colin Prewett, fundi wa mashine za kukatia nyasi. Hugombea kila mara kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka, na kila mara hushindwa kwa adabu. Nilipita mbele ya karakana yake mpaka mbwa wake akanizoea. Mwishowe akatoka mwenyewe, akaniuliza mashine yangu imeharibika wapi. Nikashindwa kusema. Akasema, labda ni plagi. Nikanyoosha kidole nyuma yake, ukutani, ambako mabango yake ya kampeni yalikuwa yamerundikwa, yale ya plastiki, na picha yake akiwa bado na nywele.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, unayataka? Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza, yote? Nikatikisa tena. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo. Akasema katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwomba hata moja.

Mpango ni rahisi. Hapa kwetu hakuna anayemuuliza mwenzake anampigia nani kura. Ni utovu wa adabu, kama kumuuliza mtu uzito wake. Watu hutazama seng'enge ya jirani tu. Bango la kijani, chama cha wakulima. Bango jekundu, chama cha wafanyakazi. Seng'enge zikiwa nyekundu, wakubwa wa mji mkuu watatetemeka. Wakitetemeka, watauliza tunataka nini. Tunataka bwawa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Sheria ni kwamba lazima umwombe mwenye seng'enge. Kuomba kwa mdomo hakumo katika uwezo wangu. Niliandika kadi: "Samahani. Naweza kufunga bango hili kwenye seng'enge yako? Asante. Si lazima."

Nilianza na Mzee Trevor Haddrick, makusudi, ili nifukuzwe mapema nirudi nyumbani kula. Ukoo wake ni kijani tangu enzi za kondoo. Inasemekana hata trekta hakubali kununua jekundu. Aliisoma kadi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Halafu akalishika bango, akalikunja kidogo, akaligonga kwa ukucha.

"Unayo mengine kama haya, binti?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Niachie manne. Hapana, fanya sita."

Sita! Baada ya hapo sikuhitaji hata kadi. Watu waliniita kutoka juu ya matrekta. Mama wa duka la mbegu alikimbia nyuma ya kigari changu akiwa na slipa. Walichukua kimya kimya, kwa macho ya chini, kama watu wenye hatia. Nilielewa. Miaka yote hiyo ya kijani, na moyoni walikuwa wekundu. Walikuwa wanangoja tu mtu mmoja jasiri.

Mtu huyo ni mimi. Naandika hili nikiwa nimejifunika shuka mpaka kichwani kwa haya.

Jumamosi, 9 Oktoba

Barabara yote ya mferejini ni nyekundu. Bwana Prewett mwenye nywele anatabasamu kutoka kwa Haddrick mpaka darajani.

Jetmir alikuja kula kwa Bibi akiwa amevimba kwa hasira. Anafanya kazi ya kujitolea kwa chama cha wakulima, amepewa kofia ya kijani, na haivui hata mezani. Mabango yake hakuna anayeyataka. Ni membamba, alisema, eti yamechapishwa kwa haraka. Nikamwachia Mungu.

"We bubu," akaniambia, "unajua unachofanya? Mzee Haddrick na bango jekundu! Labda ng'ombe wake wameandikishwa kupiga kura."

Nilitaka kumjibu jambo kali sana kuhusu mke wa miaka arobaini. Nikaomba chumvi.

Bibi alimwambia avue kofia au aondoke mezani, achague. Akavua. Ilikuwa siku nzuri. Bibi alikuwa anaoka tena byrek za kuuza, zile pai zetu za Kialbania, sinia juu ya sinia, kama alivyofanya majira yote ya baridi. Za msaada fulani wa msikiti, nadhani. Sikuuliza.

Jioni redio ilitaja Yarrabool. Kwa jina! Mtangazaji alisema jambo lisilo la kawaida linatokea katika bonde la peasi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Makao makuu ya chama yamempigia Bwana Prewett simu. Hawajawahi kumpigia. Walimwita Craig, badala ya Colin.

Nilimkuta amekaa juu ya mashine ya nyasi, amefunga tai, uso umemshuka. Alisema wanamletea mpiga picha. Alisema wamemuuliza kama ana suti. Halafu akainama karibu nami, kama mtu anayeungama.

"Teuta, sasa nikishinda?"

Sikuelewa.

"Bunge liko mbali. Na kiangazi ndicho hiki, nyasi zinaota. Nani atazitengeneza mashine za watu?" Akaniomba kwa upole kama ninaweza kupunguza mwendo kidogo.

Wanaume wa siasa wana mioyo midogo. Nilimpigapiga begani kumtia moyo, ambalo ndilo jambo la ujasiri zaidi nililowahi kumfanyia mtu nisiye na udugu naye. Kisha nikapakia mabango yaliyobaki.

Jumatano, 13 Oktoba

Aibu. Aibu tupu. Lakini ngoja.

Mheshimiwa Rosalind Thwaite, mbunge wetu, amerudi Mundarra. Nyumba yake ipo hapa hapa, pale kona ya kanisa, ila mara nyingi kinachoonekana ni bustani yake tu. Leo alisimama nje ya duka la mikate, akishika mikono ya watu, na Jetmir pembeni yake kabeba mwavuli. Nikasema leo ndiyo leo. Niliandika kadi mpya: "Mheshimiwa, tafadhali tengeneza bwawa letu. Magoti ya bibi yangu yanaumia." Niliiweka mfuko wa kulia.

Foleni ikasogea. Zamu yangu ikafika. Nikampa kadi.

Alisoma, akatabasamu meno yote. "Bila shaka, mwanangu! Na wala usiseme si lazima. Funga seng'enge yote, mpaka mwisho."

Mfuko wa kushoto. Nilimpa kadi ya mfuko wa kushoto, ile ya mabango.

Kigari changu kilikuwa kimefunikwa turubai, na nadhani kwa kuwa nilisimama karibu na Jetmir, alifikiri mimi ni wa kijani. Ningemrekebisha. Mtu mwingine yeyote angemrekebisha. Lakini kumrekebisha kungehitaji sentensi nzima, mbele ya watu, na mkate mdomoni mwa kila mmoja.

Nami nimelelewa vizuri. Mkubwa akikuagiza, unatii. Nilikwenda nikafunga seng'enge yote, mpaka mwisho.

Ijumaa, 15 Oktoba

Ukurasa wa mbele! Nyumba ya Mheshimiwa, na Bwana Prewett kumi wakitabasamu mbele ya mawaridi yake. Gazeti limeuliza kama hata nyumbani kwake hawampigii kura.

Jetmir alikuja mbio. Alisema Mheshimiwa amecheka mpaka machozi na amekataza mabango yasiondolewe, lakini wakubwa kule mji mkuu hawajacheka. Kule wanahesabu na wanahesabu tena. Alisema nimeliharibia jina la ukoo. Bibi akamwambia, jina la ukoo limevuka bahari likiwa na ubavu uliovunjika, litavuka na hili.

Mchana waziri mzima akatua kwa helikopta kwenye uwanja wa maonyesho. Mpango wangu, kama nilivyouandika! Wametetemeka! Akauliza kwenye kipaza sauti, watu wa Mundarra, mnataka nini?

Watu wa hapa hawapendi kuomba kitu mbele ya mgeni. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Neno lilikuwa mdomoni, neno moja tu. Bwawa. Nililitafuna. Nikalimeza.

Nyuma yangu mtu akapiga chafya. Waziri akasema amesikia, amesikia vizuri, na serikali yake itatujengea kipilefti.

Kipilefti! Pale njia panda ya kiwanda cha makopo, ambapo msongamano mkubwa ni Mzee Haddrick na ndama. Chama cha wafanyakazi hakikuchelewa. Kufikia saa kumi kilikuwa kimeahidi kipilefti kikubwa zaidi, chenye maua katikati.

Nimekosa usingizi. Bibi ameniuliza kulikoni, nikasema ni tumbo.

Jumamosi, 16 Oktoba

Siku yenyewe. Ukumbi wa shule ya msingi. Nilisimama getini na Bwana Prewett tukigawa vikaratasi vya kuwaonyesha watu jinsi ya kupanga nambari, maana huku karatasi ya kura haitaki alama moja. Unampa kila mgombea nambari yake, wa kwanza mpaka wa mwisho, na ukimruka mmoja kura imeharibika. Kazi inanifaa. Unanyoosha mkono, mtu anachukua, hakuna anayeongea.

Ng'ambo ya geti alikuwa Jetmir na kofia yake. Mpaka saa nne tulikuwa maadui. Saa tano jua likakolea, akatuomba mafuta ya kupaka. Saa sita tulikuwa tumeunganisha viti, na Bwana Prewett alikuwa anamshikia Jetmir vikaratasi vya kijani alipokwenda msalani. Akivigawa kwa uaminifu, tena kwa bidii kuliko vyake.

Bibi alikuja na mkongojo wake na nguo ya sikukuu. Alichukua kikaratasi changu, akachukua cha Jetmir, akavikunja pamoja, akavitia chini ya mguu wa meza ya kuuzia keki iliyokuwa ikicheza. Halafu akaingia kupiga kura. Alitembea polepole sana. Nilitazama pembeni.

Matokeo yakatoka mapema, hata kuku hawajalala. Chama cha wakulima, na kwa kura nyingi kuliko wakati wowote tangu jimbo lichorwe. Watu waliposikia Yarrabool linayumba waliogopa. Waliozoea kuchora mashua na nyuso kwenye karatasi zao, mwaka huu walipanga nambari kwa usafi. Nimeitikisa ngome, na ngome imekaa chini ikajipanga vizuri zaidi.

Nilimtafuta Bwana Prewett kumpa pole. Alikuwa amevua tai, anakula keki, uso umeng'aa kama mtu aliyetoka hospitali bila ugonjwa. Akaninong'oneza kwamba namba moja alimpa Mheshimiwa.

"Lakini mimi nilijipa ya pili," alisema. "Sikutaka kujikosea heshima."

Jumapili, 17 Oktoba

Asubuhi seng'enge zote zilikuwa tupu. Hakuna bango hata moja, barabara nzima. Nikasema huyu ni Jetmir. Nikaenda kwa Mzee Haddrick kumpa habari za wizi, kadi mkononi.

Sikuhitaji kuitumia. Bwana Prewett alikuwa ameezekwa juu ya banda la ndama. Wote sita, kichwa chini miguu juu, wanatabasamu, na misumari pembeni.

"Haya ya chama chenu ni manene, binti," Mzee Haddrick alisema kutoka kwenye ngazi. "Yale ya kijani hupasuka mvua ya kwanza. Uchaguzi uliopita kuku wangu walilowa, aibu ilinishika."

Nikatazama ng'ambo. Banda la kuku la jirani, Prewett. Miche ya mama wa mbegu, kila mmoja umezungushiwa kipande cha Prewett. Nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Nilifungua mdomo.

"Na bwawa?" nikasema.

"Bwawa limefanyaje?"

"Nilitaka... lifunguliwe."

Alishuka ngazi taratibu. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya bwawa, jambo ambalo kila mtu anajua isipokuwa mimi. Alisema pampu ilipelekwa Melbourne kutengenezwa tangu majani yaanze kuanguka. Imeshalipiwa. Inafungwa mwisho wa mwezi, bwawa linafunguliwa Novemba kama kawaida. Limetangazwa kanisani, msikitini, kwenye duka la mikate, na kwenye dansi ya wazee.

"Nusu ya hela ni byrek za bibi yako," akasema. "Hajakwambia?"

Nilirudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa barazani, ile kofia ya waridi kichwani, anayazoeza masikio yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwani niliuliza? Akasema aliniona nikipita na picha za yule fundi kila jioni, macho yanang'aa, akadhani ni mambo ya ujana, akaona aninyamazie. Ila alitaka kunishauri kwamba huyo ni mzee kidogo.

Nimeingia chini ya shuka. Sitoki.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimetoka.

Bwawa limefunguliwa leo. Bata wamehamishwa kwa heshima. Maji ya buluu, baridi ya kukata pumzi, na Bibi aliingia kwa ngazi, hatua, kituo, hatua, mpaka maji yakamfika kiunoni. Akafumba macho. Kisha akaanza kutembea. Hana mkongojo, mkono mmoja juu ya bega la mama wa mbegu, midomo ya wote wawili inakwenda. Nilizama nikakaa chini kabisa nikitazama miguu yake ikipita juu ya vigae. Inapita vizuri. Sijui kama mtu anaweza kulia chini ya maji, lakini nilijaribu.

Jetmir aliruka akatua na tumbo. Siku kamili.

Bibi ameniusia. Alisema siku nyingine nikitaka kujua jambo, niulize tu, watu hawang'ati. Nikamwahidi. Ni ushauri mzuri sana.

Ila nimefikiri. Serikali ilitetemeka lini? Oktoba. Pampu ilifungwa lini? Oktoba. Mzee Haddrick anaweza kusema atakavyo, kila mwanasiasa anataka sifa zisimfikie mtu wa chini. Mpango wangu ulifanya kazi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mabango.

Sasa Denholm wana bomba la kuteleza, na sisi hatuna. Uchaguzi wa halmashauri ni mwakani. Nahitaji kujua nani wanalitaka bomba na nani hawalitaki. Niliwaza kuuliza, kama nilivyoahidi. Lakini ukikaa kimya ukingoni mwa bwawa, unaona yote. Taulo! Mwenye taulo ya rangi moja ni mtu wa maendeleo. Mwenye taulo ya mistari hapendi mabadiliko. Nimechunguza mchana kutwa. Mundarra unaelekea kwenye bomba, bila shaka yoyote.

Bibi amekuja na taulo mbili, moja ya rangi moja na moja ya mistari. Huyo ndiye anayeyumba. Nitaanza na yeye. Kadi iko tayari, mfuko wa kulia.